Chini ya mkarafuu, kabla ya kutaja bei

Msimu wa karafuu unapokaribia Pemba, kazi ngumu kuliko zote hufanywa kabla mchumaji wa kwanza hajapanda mtini. Ni kazi ya mkodi. Mkodi huingia shamba la mwenzake vitumba vikiwa bado kijani, akaizunguka mikarafuu, kisha akataja fedha atakazotoa leo kwa ajili ya karafuu zitakazokauka baadaye. Akishalipa, mvua ni yake, wizi ni wake, na bei ikishuka ni yake. Watu binafsi hukodisha hivyo, na Serikali nayo hukodisha mikarafuu yake kwa mnada. Wapo waliojenga nyumba kwa kazi hii, na wapo waliouza nyumba kwa kazi hii hii. Ukikaa na wote wawili barazani utagundua kwamba aghlabu wanaujua mkarafuu sawasawa.

Ikiwa ujuzi wa mti ni ule ule, tofauti yao inatoka wapi? Nimelifikiria sana suala hili, na aliyenisaidia kuliona vizuri ni mzee wa Kimarekani, Warren Buffett.

Buffett alizaliwa Omaha, jimbo la Nebraska, mwaka 1930. Mwaka 1965 aliishika Berkshire Hathaway ikiwa kampuni ya viwanda vya nguo inayodidimia, akaigeuza kuwa moja ya kampuni kubwa kabisa duniani, yenye bima, reli, umeme na hisa za makampuni mengine. Mei 2025, akiwa na miaka 94, alitangaza kwamba mwisho wa mwaka huo angemwachia Greg Abel uendeshaji. Kwa miongo yote hiyo kazi yake ilikuwa kukadiria mambo ambayo hakuna ajuaye hakika yake, na kila mwaka aliwaandikia wenye hisa barua kueleza alipopatia na alipokosea. Baadhi ya biashara zake, hasa bima na hatifungani za riba, Muislamu ana maswali nazo, na ni haki yake kuuliza. Ninachokichukua mimi ni namna yake ya kupima jambo, na hiyo inamfaa hata anayepima karafuu.

Ninavyomuelewa, msingi wake ni huu: makisio hayatakuwa sahihi, hata yakifanywa na bingwa. Anayefanikiwa ni yule anayejua makisio yake yanaweza kukosea kwa kiasi gani, kisha kosa hilo akaliingiza kwenye bei anayokubali kulipa. Mti hauna amri nao. Bei unayo amri nayo.

Twende shambani tuone. Mkodi mzuri hadanganyiki na mkarafuu mmoja mkubwa ulio karibu na njia. Huingia ndani hadi mabondeni. Hutazama ncha za matawi, kwani tawi lililochipua majani mapya mekundu-mekundu halikutoa vitumba. Huuzunguka mti, maana upande unaopata jua aghlabu huzaa kuliko ulio kivulini. Huuliza mwaka jana shamba lilitoa nini, kwa sababu mkarafuu uliozaa kupita kiasi mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata. Halafu hupiga hesabu ya pishi, kipimo cha karafuu mbichi, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi. Mpaka hapo wakodi wote wawili wapo pamoja. Wanaachana pale mmoja anapotoka shambani na nambari moja kichwani, na mwingine anapotoka na tatu.

Tuchukue shamba la mikarafuu 30, na nambari za mfano tu ili hesabu ionekane. Mkodi wa kwanza anasema kila mti utampa kilo 4 kavu, jumla kilo 120, na kwa shilingi 14,000 kwa kilo atapata 1,680,000. Uchumaji wa pishi 200 kwa shilingi 2,000 ni 400,000. Chakula, gari, ulinzi na majamvi ya kuanikia ni 150,000. Zinabaki 1,130,000. Mwenye shamba anataka milioni moja. Faida ni 130,000, wanapeana mikono.

Mkodi wa pili anakubali kwamba kilo 4 ndiyo inayoelekea zaidi. Lakini anauliza: mambo yakienda vibaya, bila ya balaa kubwa, mti utatoa ngapi? Anasema 2. Na yakienda vizuri? Anasema 7. Kwa kilo 2, shamba zima litatoa kilo 60, ambazo ni 840,000. Uchumaji utashuka hadi 200,000, lakini zile 150,000 za gari na ulinzi hazipungui. Zinabaki 490,000. Akiwa amelipa milioni moja, amepoteza 510,000. Kwa kilo 7 atapata kilo 210, ambazo ni 2,940,000, na akitoa uchumaji wa 700,000 na zile gharama nyengine, faida yake ni 1,090,000.

Hapa tamaa huingia, kwa sababu kwenye karatasi faida ya juu ni zaidi ya mara mbili ya hasara ya chini. Lakini mkarafuu wako ukizaa kilo 7, haukuzaa peke yake. Pemba nzima imezaa. Kila shamba linatafuta wachumaji wiki ile ile, na wachumaji hawatoshi hata wakija kutoka Unguja na Tanga. Pishi iliyokuwa 2,000 inakwenda 3,500. Uchumaji wa pishi 350 sasa ni 1,225,000, na faida yako imeshuka hadi 565,000. Na hapo bado hujahesabu karafuu zilizochelewa kuchumwa zikawa mpeta, yaani zikapevuka kupita kiasi, wala zile zilizonyeshewa kwenye jamvi. Hasara ya chini, kwa upande wake, ilibaki pale pale, kwa sababu hakuna anayekupunguzia. Anayepima mazao bila ya kupima wachumaji amepima nusu ya shamba. (Na ipo gharama ambayo hakuna mkodi anayeiandika: kila msimu watu huanguka mikarafuuni, wengine wakavunjika, wengine wakafa. Ningependa siku moja iingie kwenye hesabu kabla ya bei kutajwa, maana yule anayepanda juu hana sehemu katika faida yoyote kati ya hizi.)

Mkodi wa pili baada ya hesabu hiyo anatoa 700,000. Mwenye shamba akikubali, basi mazao yakiwa mabaya amepoteza 210,000, na yakiwa ya kawaida amepata 430,000. Hakuujua mti kuliko mwenzake. Alikilipia kutojua kwake mapema, kwa kukataa bei.

Buffett alilipata hili kwa mwalimu wake, Benjamin Graham, aliyezaliwa London mwaka 1894 na kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Graham alifundisha kwamba thamani ya kitu haijulikani kwa uhakika, na kwa hiyo mnunuzi aache nafasi pana kati ya anachodhani kitu kina thamani na anacholipa, ili hata akikosea asiumie. Alisema huhitaji kujua uzito wa mtu kwa ratili ili uone kwamba ni mnene kupita kiasi. Biashara nzuri hujionesha kwa ukubwa wake. Ukiona faida inatokea tu kwa sababu umeandika kilo 4 badala ya kilo 3 na nusu, ujue huna faida. Rudi kwenye mfano wetu: kwa kilo 3 na nusu kila mti, yule aliyelipa milioni moja anapata hasara ya 30,000. Nusu kilo tu! Nani, akiwa chini ya mkarafuu ameinua kichwa, anaweza kutofautisha nusu kilo ya karafuu kavu?

Jambo la fedha za kuazima nalipita haraka, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Hasara ya 210,000 za kwako inauma, lakini msimu ujao upo sokoni. Hasara ya 510,000 za watu inakuondoa, na msimu wa neema unapokuja unakukuta uko ukutani unatazama wengine. Buffett alikaa sokoni miaka yote hiyo kwa sababu, pamoja na mengine, hakuwahi kuiweka kampuni katika deni ambalo mwaka mmoja mbaya ungeweza kuiangusha. Wangapi wenye makisio mazuri kuliko yake wameanguka kwa deni?

Wengine watauliza: mtu akiwa mgumu hivi kwenye bei, atakodi lini? Ni swali la haki, na Buffett mwenyewe nusura aangukie upande huo. Mwaka 1972 yeye na mshirika wake Charlie Munger walitaka kuinunua See's Candies, kampuni ya peremende ya California. Wenyewe walitaka dola milioni 30. Buffett hakuwa tayari kuvuka milioni 25. Bahati yake wakakubali. Kampuni hiyo wakati ule ilikuwa inaingiza faida ya chini ya dola milioni 5 kwa mwaka kabla ya kodi, na hadi kufikia 2007 ilikuwa imeshaingiza faida ya jumla ya dola bilioni 1.35. Angeikosa kwa ajili ya milioni 5. Alichojifunza hapo, kwa msaada mkubwa wa Munger, ni kwamba ukali wa bei uende na aina ya kitu. Shamba lenye rutuba, mikarafuu michanga inayopanda, mwenyewe mwaminifu anayekodisha kwa miaka kadhaa, hilo unaweza kuliongezea bei, kwa sababu wakati unakufanyia kazi. Mikarafuu mikongwe inayokauka vileleni, wakati unaifanyia kazi kinyume. Nafasi uliyoiacha kwenye bei haitaiokoa.

Sasa mnada. Mnadani sikuona watu wakishindwa na hesabu. Niliona wakishindwa na wenzao. Mtu amekuja na 700,000 moyoni, lakini anayepandisha bei upande wa pili ni yule waliyegombana mwaka juzi, au ni mtu wa kijiji cha jirani ambaye “hawezi kuja kuchukua shamba la kwetu”. Bei inapanda si kwa sababu mikarafuu imeongeza vitumba.

Kisa cha Berkshire ndicho hiki hiki. Mwaka 1964 Buffett alikuwa na hisa kwenye kampuni ile ya nguo, na mkuu wake, Seabury Stanton, akakubaliana naye kwa mdomo kuzinunua kwa dola 11 na nusu kila moja. Barua ilipokuja ilikuwa na dola 11 na senti 37 na nusu. Pungufu ya senti 12 na nusu. Buffett alikasirika, akakataa kuuza, akaanza kununua zaidi, mpaka akaimiliki kampuni na kumwondoa Stanton. Alishinda ugomvi, akabaki na viwanda vya nguo visivyokuwa na mustakabali, akahangaika navyo miaka 20 mpaka vilipofungwa mwaka 1985. Mtu aliyekuja kuwa mpimaji maarufu kuliko wote aliingia katika jambo kubwa la maisha yake kwa hasira ya senti 12. Akili ya hesabu haikumlinda, kwa sababu wakati ule hakuwa anahesabu.

Ninachokipendekeza kwa anayekwenda mnadani ni kidogo na kinafanyika: aandike bei yake ya mwisho kwenye karatasi akiwa nyumbani, ampe mke wake au ndugu yake aishike, na aende na mtu mwenye ruhusa ya kumshika mkono bei ikivukwa.

Munger, aliyefariki Novemba 2023 akibakisha mwezi na siku chache kutimiza miaka 100, alishikilia jambo jengine ambalo kwetu lina kazi nyingi: kabla hujayapokea makisio ya mtu, tazama anakula wapi. Mwenye shamba anapokuambia “mwaka ule tulichuma mpaka tukachoka”, hasemi uongo. Anakumbuka mwaka mmoja kati ya miaka kumi, na ndio unaomfaa. Dalali wa viwanja vya Fumba au Paje analipwa ukinunua, halipwi ukifikiri. Haya kila mtu anayajua, na bado watu huyasikiliza makisio ya dalali kama wanavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayetaja nambari. Ukiwa na nambari yako uliyoiandika kabla ya kuonana naye, mazungumzo yanabadilika.

Mpaka hapa nimezungumzia shamba moja. Lakini somo kubwa la makisio katika visiwa hivi ni la nchi nzima, na naona hatulizungumzi vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karafuu ilikuwa na bei ya juu mno, maelfu ya dola kwa tani. Fedha za kigeni za Zanzibar kwa sehemu kubwa sana zilitoka kwenye karafuu, na mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku kwenye sigara zao za kretek. Kufikia mwisho wa muongo huo bei ilikuwa imeporomoka na kubaki kijisehemu cha ile ya mwanzo. Watu wa Pemba waliokuwa wakipeleka watoto skuli, wakijenga na kuhiji kwa karafuu, walijikuta wanaiacha mikarafuu na msitu unaifunika.

Tulikosea wapi? Hatukukosea katika kuhesabu mikarafuu yetu. Tuliijua mti kwa mti. Tulikosea katika kumtazama mnunuzi. Indonesia ndiko ilikotoka karafuu yenyewe, kwenye visiwa vya Maluku, kabla ya kufika kwetu karne ya 19 na kuenezwa wakati wa Sayyid Said. Waindonesia walikuwa na ardhi, walikuwa na ujuzi, na walikuwa na kila sababu ya kuacha kununua kwa wengine kitu kinachoota kwao. Katika miaka ya 1970 walipanda kwa wingi. Na mkarafuu si mchicha. Unachukua miaka sita, saba au minane ndipo uanze kuzaa, na zaidi ndipo ushamiri. Maana yake ni kwamba miche ilikuwepo ardhini, hadharani, miaka mingi kabla ya bei kuanguka. Aliyetaka kukisia bei ya karafuu ya mwaka 1985 hakuhitaji ramli. Alihitaji kuuliza miche mingapi imepandwa Indonesia mwaka 1975. Swali hilo lilikuwa gumu kidogo kulipata, lakini lilikuwa na jibu.

Buffett aliingia katika shimo la namna hii hii. Mwaka 1993 aliinunua Dexter, kampuni ya viatu ya jimbo la Maine, kwa dola milioni 433. Viatu vilikuwa vizuri, mafundi hodari, vitabu vya hesabu safi. Ndani ya miaka michache viatu vya bei nafuu kutoka nje viliifuta faida yote. Na kwa kuwa alilipa kwa hisa za Berkshire badala ya fedha taslimu, na hisa hizo zikaendelea kupanda, aliandika baadaye kwamba ununuzi ule uliwagharimu wenye hisa dola bilioni 3.5. Alikipima kiwanda akakipima sawa. Hakupima vya kutosha nani mwengine duniani anaweza kutengeneza kiatu hicho.

Namuomba kila anayepanga maisha juu ya zao moja au mgeni mmoja alikariri swali hilo. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao wengi wao ni kina mama na wamekuwa kwenye kazi hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanalijua kwa uchungu. Bei yao hupangwa na kiasi kinacholimwa Indonesia na Ufilipino kuliko na jasho lao. Anayewakadiria kipato cha mwaka ujao bila ya kutazama huko hajawakadiria.

Kuna kosa jengine la makisio ambalo ni baya zaidi, kwa sababu linafanywa na watu makini. Ni kupima kwa kutazama yaliyowahi kutokea tu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, makampuni ya bima ya Berkshire yalipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 2. Buffett aliwaandikia wenye hisa kwamba walikuwa wamejiridhisha na uzoefu. Kwa kuwa jambo kubwa kama lile halikuwahi kutokea, walichukua dhamana juu yake bila hata kulitoza bei. Walitazama yaliyopita na hawakutazama kilichokuwa wazi kupigwa.

Unguja ilipata somo hilo Aprili 1872. Kimbunga kilipiga na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aliyekuwa na mashamba Unguja pekee mwezi Machi mwaka ule alikuwa tajiri, na hakuna mzee yeyote ambaye angemkumbusha kimbunga, kwa sababu hakuna aliyekikumbuka. Aliyekuwa na mikarafuu visiwa vyote viwili alipoteza kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwengine, maana bei nayo ilipanda.

Na si mambo ya kale. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020, UVIKO ilipofunga viwanja vya ndege, walikuwa 260,644. Wenye vinyumba vya wageni waliokuwa wamepanga marejesho ya benki kwa kudhani vyumba vitajaa miezi minane kwa mwaka walifanya makisio yaliyokuwa na ushahidi wote nyuma yake. Miaka kadhaa mfululizo idadi ilikuwa ikipanda. Kilichokosekana ni swali moja: ikiwa wageni watapungua nusu kwa mwaka mmoja, kwa sababu yoyote ile, nitasimama? Huhitaji kuijua sababu. Mwaka 1872 ilikuwa upepo, 2020 ilikuwa maradhi. Wageni wamerudi na kuzidi idadi ya kabla, na watu wanajenga tena kwa makisio yale yale, na mimi hilo linanitia khofu. Tumeambiwa tumfunge ngamia kisha ndipo tutawakali. Kutawakali bila ya kufunga kumekuwa jina zuri la kutohesabu.

Kuhusu kuyaacha yasiyopimika nitasema machache. Buffett na Munger walikuwa na fungu la mambo waliyoyaita magumu mno, na waliyaweka huko bila haya. Makampuni ya teknolojia walikaa nayo mbali kwa miongo kadhaa, ijapokuwa Bill Gates alikuwa rafiki wa Buffett tangu 1991. Walikosa faida nyingi. Hawakupoteza mtaji. Walipoanza kununua hisa za Apple mwaka 2016 ni kwa sababu walikuwa wameielewa kama kampuni ya kitu ambacho watu hawako tayari kukiacha, na kupima tabia ya wanunuzi ndiko walikokuwa mabingwa. Kijana wa Wete anayeambiwa atoe akiba yake ya karafuu aiweke kwenye sarafu za mtandaoni asizojua zinaingiza fedha kwa njia gani ana ruhusa kamili ya kusema: hili gumu, siliwezi. Sitaki aone aibu.

Nimalizie na daftari, kwa sababu hapo ndipo naona tunaweza kubadilika haraka. Mkodi akishinda husema alijua. Akishindwa husema mvua. Kwa namna hiyo anaweza kukodi miaka thelathini na asijue kama ni mpimaji mzuri au amebahatika mara mbili. Karatasi moja kwa kila shamba inatosha: tarehe, makisio ya chini, ya kati na ya juu, sababu, na bei ya mwisho. Msimu ukiisha anaandika kilichotoka. Baada ya misimu mitano ataona kama makisio yake yanaegemea juu kila mara (ya wengi huegemea juu), na ataona ni mashamba ya aina gani anayoyasoma vizuri. Akipata faida kwa sababu ambayo hakuiandika, asijipongeze. Akipata hasara ndani ya kiwango alichokiandika, asijilaumu. Barua za Buffett zilikuwa kazi hiyo hiyo, ila yeye aliifanya mbele ya watu.

Na Serikali inaweza kusaidia bila gharama kubwa. Karafuu zinazouzwa kihalali hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na hupimwa kwenye mizani za vituo vyake. Nambari zipo. Siku shamba la Serikali linapopelekwa mnadani, ubandikwe ubaoni waraka mmoja unaoonesha shamba lina mikarafuu mingapi inayozaa, mingapi imekauka, na lilitoa kilo ngapi kila msimu kwa miaka mitano au kumi nyuma, miaka mibovu ikiwemo. Maafisa wataogopa kwamba bei za mnada zitashuka. Baadhi zitashuka, zile zilizokuwa zikipandishwa na hadithi za mwaka mmoja wa neema. Lakini wakodi wanaofilisika na kutoroka na nusu ya malipo watapungua, na watu wengi zaidi watathubutu kuja, wakiwemo kina mama ambao leo wanakaa mbali na mnada kwa sababu hakuna mjomba wa kuwanong'oneza shamba hilo lilizaa nini. Msimu ujao Wizara ya Kilimo inaweza kuanza na mashamba ya wilaya moja, Mkoani au Wete, na ikaona bei na marejesho vinakwendaje.